Mabakuli Sita ya Bi Batuli

Isevya, Tabora
12 Februari 1975

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, nami naahidi kukueleza yote, hata yale yanayoniaibisha, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni msichana wa kidato cha pili. Tulihamia hapa Desemba kutoka Nzega, mama, mdogo wangu Pelagia na mimi, kwa kuwa mama ni muuguzi na alipewa uhamisho, na baba amebaki na ng'ombe mpaka mavuno. Katika nyumba tuliyopewa tulikuta friji la mafuta ya taa, lile la kulala kama kasha, lililoachwa na mtaalamu aliyekaa humo kabla yetu, na kwa kuwa mama ana zamu za mchana na usiku na hataki nikose kusoma, tukaanza kupika mara moja kwa juma: kila Jumamosi tunawasha kuni uani, tunapika maharage, kisamvu kwa karanga anazotuma baba, na nyama tukiipata, tunaacha vipoe, tunajaza makopo ya maziwa ya unga na kuyagandisha, kisha siku nyingine napasha kopo moja tu kwenye jiko la mafuta, nasonga ugali kidogo, nafungua daftari.

Sikujua kwamba jirani yetu Bi Batuli, mwuza vitumbua, alikuwa akitazama uani kwetu. Mwezi uliopita alinisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, Bi Batuli."

"Marahaba. Jiko lenu limefiwa? Siku ya nne leo sioni moshi!"

Nilitaka kueleza, nikaona haya, nikasema mama yuko zamu. Akanishikisha bakuli la wali na kunde. "Kuleni. Na mama yako usimwambie. Mtu mzima akijua ameonekana ana njaa, halali."

Nilipaswa kusema hatuna njaa. Nilisema ahsante. Tulikuwa tumeshakula, na mwaka huu wa njaa nani atamwaga chakula, kwa hiyo nikaligandisha bakuli lenyewe chini ya makopo. Yakaja mengine. Sasa ni sita, kwa maana kurudisha bakuli tupu ni kukosa adabu, na kulirudisha na chakula ni kukiri kwamba tunacho. Siku moja mama aliona ukingo wa moja, akauliza la nani, nikajibu ni la jikoni shuleni. Pelagia akacheka, "Shule ya Bi Batuli!" Mama alikuwa anafunga viatu, akadhani ni mchezo.

Jana Bi Batuli ameniambia kwa furaha kwamba amempa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shaban, jina la mama, liingie katika orodha ya kaya zisizojiweza zitakazogawiwa unga wa njano wa msaada. Nafasi ni nne, na sisi tumepewa ya Bibi Nyamizi, mjane kipofu wa nyumba ya mwisho, eti yeye hana watoto wa kulisha. Majina yatasomwa mkutanoni Jumapili tarehe 23, mama akiwepo, na kabla ya hapo Mzee Shaban atapita kukagua. Akifunua friji na kuona makopo yamepangana, mwaka huu ambao watu wanaitwa walanguzi kwa vitu vidogo kuliko hivyo, atasema nini juu ya mama? Na Bi Batuli akijua ukweli, hatatuchukia, yeye peke yake aliyetujali tangu tufike? Nimeweka stempu ndani. Tafadhali nijibu kwa posta ijayo: nimwambie nani kwanza?

Mpishi wa Jumamosi

*

Mwanangu,

Jibu hili nililituma siku ile ile barua yako ilipofika. Hapa tunalichapa kwa faida ya wengine, majina tumeyabadili.

Mama yako kwanza. Leo, kabla hajafunga viatu vya zamu. Funua friji, mwoneshe mabakuli, umwambie na ule uongo wa shuleni. Atakukasirikia, na ana haki: umemwacha atembee mtaani akihurumiwa bila yeye kujua. Kupika mara moja kwa juma si kosa, ni akili, na ninyi si walanguzi, mnakula mlichopika. Kosa lako ni kusema ahsante mahali pa kusema ukweli, ukarudia mara sita. Haya yako naielewa, hata mimi niliwahi kuwa mgeni. Lakini sasa haya hiyo inamnyima Bibi Nyamizi unga, na hapo huruma yangu inakoma.

Kesho yake nendeni wawili kwa Mzee Shaban, msimsubiri. Mama aombe jina lake lifutwe, la Bibi Nyamizi lirudi, na amkaribishe mzee aje aone friji kwa macho yake.

Mabakuli yatoe yayeyuke. Pasha chakula mpaka kichemke, mkile, usitupe hata punje. Yaoshe, uyajaze karanga za baba yako, karanga mbichi, si chakula kilichopikwa, maana hujui kama nyama ya jikoni kwenu ni halali kwa Bi Batuli, usimtie mashakani. Myapeleke yote sita wewe na mama. Atanuna. Pengine atasema, "Kumbe mlikuwa mnanicheka!" Mwache anune, usijitetee. Mwambie tu kwamba hukuwa na njaa, ulikuwa mgeni, na kila bakuli lilipokuja ulijua kuna mtu aliyekuona. Hilo ni kweli, nimelisoma katika barua yako.

Na Jumamosi inayofuata, kabla ya kupika, kiberiti kiache ndani. Chukua kigae, uende kwa Bi Batuli ukamwombe kaa la moto.