Nasimiyu, Nimekata Blugamu za Nekesa

Nasimiyu,

Ni mimi Wanjala, yule alikuwa anakubebea mawe ya kisima. Mimi si mtu wa barua. Shule niliachia darasa la nne. Lakini mwalimu mkuu amenipea karatasi, akasema andika vile unaongea. Haya. Naandika vile naongea.

Umekufa. Barua ya msichana wako ilifika shuleni wiki ile tulikuwa tunavuna. Mwalimu mkuu alinisomea mara mbili, juu ile ya kwanza sikuskia kitu. Nilikuwa naangalia stampu tu. Nikarudi kwa shamba ya tajiri, nikavunja mahindi mpaka jioni. Watu wananiuliza, Wanjala, mbona leo hauongei? Nikasema jino inauma.

Sasa skia. Miti nimekata. Zile blugamu za juu ya kisima, zile ulisema zinakunywa maji ya watu. Zilikuwa ishirini. Nimekata kumi na tisa. Imebaki moja. Ndio maana naandika.

Ulikuja wakati wa jua kali, hakuna hata nyasi. Wamama wakakupea jina hapo hapo, Nasimiyu, msichana wa kiangazi. Msichana gani, na nywele ni nyeupe kama ya nyanya yangu! Ulisema umekuja kujitolea. Hatukuelewa. Mtu mzima, ametoka ng'ambo, ameacha watoto na wajukuu, anakuja kulala huku nyuma ya Endebess kwa nyumba ya mwalimu, hakuna stima, hakuna mshahara. Mama Khaemba jirani yangu alisema lazima huyu ameua mtu kwao, amekuja kujificha. Aliamini hivyo kama miezi miwili. Nilikuwa sijakuambia hiyo. Ungecheka.

Asubuhi ulikuwa unatoka na gambuti miguuni na ile saa yako. Unaenda kisima kabla wamama wajae. Unaweka jerikeni chini ya paipu, unaangalia saa mpaka ijae, unaandika kwa kitabu. Kila siku hivyo, hata Jumapili. Halafu unaenda shule kufundisha watoto kunawa mikono. Hiyo njia ni ya dakika kumi. Wewe ulikuwa unatembea saa nzima, juu unasalimia kila mtu na mkono. Hata mlevi. Hata mtoto ako na kamasi mkononi. Sisi tulikuwa tunasema, huyu anafundisha kunawa juu yeye ndio anaihitaji.

Kuoga na karai moja ulijua haraka. Kufua ulishindwa. Bibi yangu Nekesa alikunyang'anya nguo siku moja, akasema unabembeleza nguo ni kama mtoto mgonjwa. Akakuonyesha. Ngozi ya vidole yako ikatoka. Kesho yake ukarudi tena na nguo zako, ukaketi karibu na yeye ukafua. Hapo ndio alikupenda. Aliniambia, huyu mama ni kichwa ngumu, ataweza huku.

Na ile siku ya firigisi. Ulikuja kula kwetu mara ya kwanza, tukachinja jogoo. Nikakuwekea firigisi kwa sahani. Kwetu hiyo ni ya mwenye boma, na mgeni mkubwa akija anapewa. Mwanamke hagusi. Sasa wewe ukachukua kisu, ukakata katikati, nusu ukampea Nekesa. Wazee wakaacha kutafuna. Nekesa akaniangalia. Mimi nikaangalia ukuta. Akameza haraka kabla nikatae. Kutoka siku hiyo sikupumzika, bana. Nikimsumbua kidogo, ananiambia, "Wanjala, pole pole na mimi. Mimi nimekula firigisi."

Halafu akakufa. Kifua tu. Siku tano. Hiyo unajua, ulikuwa hapa. Uliketi chini kwa udongo na wamama. Hukuleta maneno mingi. Ulisugua masufuria ya matanga na majivu, siku zote, mpaka watu wa Chwele waliokuja kuzika wakauliza huyu mzungu ni ndugu ya marehemu? Nikasema ndio. Sikudanganya.

Lakini miti hukujua vizuri. Nilikuwa nimekuambia tu ni ya bibi yangu. Skia sasa. Dadake ako Mabanga, anaotesha miche. Nekesa alienda huko akatoa ishirini. Akaibeba kwa karai, ameweka kwa mapaja ndani ya gari kutoka Mabanga mpaka Kitale, na Kitale mpaka huku, amefunika na leso isikauke. Alifika magoti imekufa ganzi. Hakungoja chai. Tukapanda siku hiyo hiyo. Mimi nachimba shimo, yeye anaweka, anakanyaga na mguu. Akasema, hii ndio nyumba yetu ya mabati, Wanjala. Ikikua tunajenga, tunazeeka ndani.

Tulipanda hapo juu ya kisima kwa sababu hapo ndio udongo ni laini. Nani angejua? Sisi huku tunajua blugamu ni mti mzuri. Inakua mbio, haisumbui, inakupea nguzo. Hatukujua inaingiza mzizi kwa maji ya jirani.

Wewe ulikuja miti ikiwa kwa goti. Kisima ilikuwa maji ya wazi tu, tukaijenga, tukaweka mawe na saruji na paipu, wamama wakapiga vigelegele. Mwaka wa pili miti imenipita kichwa. Maji ikaanza kupunguka. Ukakuja kwangu na kitabu. Ukanionyesha. Jerikeni ilikuwa inajaa dakika moja, sasa ni nne. Ukasema pole pole, "Wanjala, ni hiyo miti." Nekesa alikuwa hajamaliza hata mwaka kwa mchanga.

Nilikuongelesha vibaya. Nilisema wewe ni mgeni, kesho utaenda kwenu. Nikasema bibi yangu hana hata saruji kwa kaburi, kazi ya mikono yake imebaki ni hii, na wewe unataka nikate juu ya kitabu. Nikasema nisikuone tena kwa boma yangu.

Wiki mbili baadaye tukaskia unaenda. Watu wote wakasema, Wanjala amefukuza mama wa watu. Mimi pia nilijua hivyo. Nilijua ni mdomo yangu.

Jioni ile ya mwisho ulikuja kwangu. Ulipiga hodi mara tatu. Nilikuwa ndani, Nasimiyu. Nilikuwa nimeketi kwa kiti, nimeshika kikombe, nakuskia. Niliona gambuti yako hapo chini ya mlango. Mtu hapigi hodi ya nne. Ulingoja kidogo, ukaenda. Asubuhi shule nzima ilikusindikiza mpaka barabara na nyimbo. Mimi nilienda kupalilia kwa tajiri, na siku hiyo hakukuwa na kazi. Nilisimama kwa mahindi nikaona gari ikipita.

Sasa msichana wako ameandika ati ulikuwa mgonjwa ukiwa bado huku. Ati daktari wa Kitale alikuwa amekuambia urudi haraka. Siku ulikuja na kitabu ulikuwa unajua. Ulikuwa na kifo kwa mwili na unakuja kuniuliza juu ya maji. Kwa nini hukusema? Si ungesema tu! Lakini hata mimi najua. Ungesema, ningekata miti juu ya huruma. Wewe hukutaka hiyo.

Ameandika ulimwambia aniambie hukukasirika. Hiyo ndio iliniua. Ungekasirika kidogo ningelala.

Kesho yake nikanoa shoka. Nimekata siku nne. Mama Khaemba alisimama hapo na jerikeni yake, akanyoosha mdomo, akasema, "Wanjala, sasa ndio umekumbuka watu wanakunywa maji? Ati mpaka marehemu akutume?" Nikaendelea kukata. Baadaye akarudi na uji, akaweka kwa jiwe, akaenda. Ni yeye huyo, unamjua. Nguzo zingine nimepeleka shule, jikoni ilikuwa imeinama. Zingine ziko hapo tu. Nyumba ya mabati ya mtu mmoja ni ya nini.

Maji bado. Sitakudanganya. Jana nilikaa na jerikeni, sina saa, nikahesabu na mdomo. Bado ni kidogo. Mwalimu mkuu anasema ingoje mvua mbili. Na hii blugamu ni shetani, ukikata inaota tena kutoka kwa kisiki. Mwezi haujaisha, tayari ziko na majani nyekundu ndogo ndogo. Kila Jumamosi nitapita navunja. Kila Jumamosi, Nasimiyu, mpaka mizizi ichoke. Nikichoka mbele yake, nitakuwa nimeonyesha mwingine.

Hii moja imebaki ni ile Nekesa alipanda mwisho. Jua lilikuwa limeingia, alikuwa amechoka, akaikanyaga vibaya, ikakua imepinda. Alikuwa anaiita mzee. Iko karibu na maji kushinda zote. Nimeisimamia siku mbili na shoka. Napiga moja, naacha. Naenda kunywa maji, narudi.

Ninyi wawili mmeniachia kazi mbaya. Mmoja alipanda, mmoja alisema kata, na mwenye shoka ni mimi.

Nikimaliza karatasi hii naenda. Nimeahidi, na nimeandika, haiwezi kufutika.

Lala salama, dada yangu. Asante kwa maji. Asante kwa masufuria. Nisamehe ule mlango.

Ukimpata Nekesa, keti karibu na yeye kama zamani. Akikuuliza juu ya miti yake, usimwambie ni wewe. Sema ni Wanjala alikata.