Kompyuta Uliyoniachia

Mdogo wangu Wagdi,

Salamu nyingi kutoka Shubra. Mimi mzima, ila magoti yangu na kompyuta uliyoniachia ulipokwenda Kuwait vinashindana kuzeeka. Juzi niliipeleka kwa fundi Hamdi.

"Mama Nagwa, tubadilishe diski au ununue kompyuta nyingine?"

"Mwanangu, ukipata na spea za magoti, niambie."

Akacheka, akaanza kuhamisha mafaili. "Na hili lililoandikwa 'Nyumba ya Mama', nilihamishe?"

Nikalisoma palepale. Ni mkataba wa kuuza nyumba hii ninayolala, unangoja saini yako tu, kwa ile hati ya uwakala niliyokupa ufuatilie pensheni ya marehemu mama yetu. Uliuandika siku ya arobaini yake, mimi nikiwa jikoni nachemsha kahawa ya wageni.

Nimechagua diski mpya, mashine bado ina nguvu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika ombi la kufuta uwakala wako, na leo limegongwa muhuri.

Biskuti za Idi nitakuokea, zile za tende unazozimaliza kabla hatujaenda kuswali. Ila safari hii upige hodi, maana kitasa nacho nimebadilisha.

Dada yako,
Nagwa