Kumi na Moja Toa Tano

4 Machi

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila goti langu ndilo lenye maneno mengi. Wewe na cherehani yako mnaendeleaje?

Jana nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Binti mmoja katafuta mteremko wa mstari unaopita kwenye nukta (2, 11) na (5, 5). Mimi hufundisha hivi: tano toa kumi na moja, chini yake tano toa mbili. Yeye kageuza: kumi na moja toa tano, chini mbili toa tano. Jibu lile lile, hasi mbili. Na mstari wake unakata mhimili wa wima kwenye kumi na tano, kama wangu. Nikakukumbuka, nikaweka kalamu chini.

Wewe ulifanya vivyo hivyo kwenye mtihani, nami nikaandika kwa wino mwekundu: njia si sahihi, jibu ni sahihi, amenakili. Nikamwambia na kaka, baba yako, akakutoa shule. Kumbe ulikuwa sawa. Sikujua, mwanangu. Nisamehe.

Baba yako mdogo

19 Machi

Shikamoo baba mdogo,

Mimi mzima, na cherehani haijambo, inakula uzi tu. Pole na goti.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Hapo pa "sikujua" ndipo ninapokwama. Nilikufuata ofisi ya walimu, nikakuonyesha kwamba ukigeuza juu ukageuza na chini, hakiharibiki kitu. Ukajaribu kwa nukta nyingine, nyuma ya karatasi ya ratiba. Jibu likatoka lile lile. Halafu ukaniambia nitoke.

Msamaha nilishakupa zamani. Ila mdogo wangu akinipigia simu kuniuliza hesabu, baba humwambia, "Huyo usimuulize, atakufundisha wizi." Tangu nihamie huku, baba hajakanyaga kwangu. Mwambie yeye.

Mwanao

2 Mei

Shikamoo baba mdogo,

Habari za goti? Barua yangu ilifika? Mdogo wangu anasema kila Jumapili uko pale, mnaongea mpira na baba.

Mwanao

27 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kwa mwili tu.

Barua ilifika. Nilijua siku ile ile. Lakini darasa zima lilishanisikia nikikuita mwizi, nikaona haya kujirudi. Kila Jumapili nimekwenda kwa kaka na maneno mdomoni, nikarudi nayo.

Leo nimesema. Akataka nimwonyeshe, nikamwandikia njia zote mbili, yangu na yako. Kaka hesabu zilimpiga chenga tangu utotoni, lakini alifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye hasi mbili pande zote.

"Miaka tisa?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Heri angenitukana. Akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akaniomba anwani yako.

Barua hii anakuletea yeye. Ukiisoma, ujue kasimama hapo mlangoni na hajui aanzie wapi. Mkaribishe ndani.

Baba yako mdogo