Sababu ya Kuuza Gari Lako

Mpendwa Baba,

Basi nilikuwa sijamaliza. Ulipitiwa na usingizi nikiwa bado namsifu Murithi, nikasema nitaendelea ukiamka, na hukuamka. Sikiliza yaliyobaki: nimeolewa naye, Baba! Wiki ya sita hii tunaishi mjini Maua, nyuma ya duka lake la mbegu, na kila asubuhi ananiletea chai kitandani kana kwamba mimi ni mgeni wa heshima. Nina furaha hadi naona haya. Ndiyo maana nilishangaa juma lililopita kujikuta nikilia hadi kope zikavimba, mbele ya karatasi ndogo tu.

Ilikuwa fomu ya tangazo la gazeti. Tunauza gari lako.

Unakumbuka tulivyolipata? Lile shamba la kahawa la Mwingereza aliyerudi kwao baada ya Uhuru. Viti viwili tu, halina paa, na kuku mwekundu amelalia mayai kwenye kiti cha dereva. Ulipitisha mkono juu ya bodi iliyooza ukasema, "Aliyeliacha hapa alilipenda, lakini alilipenda vibaya. Gari lisipoendeshwa linakufa."

Mama alipoliona likivutwa na trekta hadi kwetu Kianjokoma aliuliza, "Sasa hawa watoto watano utawaweka wapi? Kwa buti?"

"Kwa zamu, mama watoto. Kwa zamu."

Miaka saba, Baba. Mimi nikipiga msasa kila Jumamosi, wewe ukichomelea vyuma. Injini yake ya kwanza ilishindwa na milima yetu, ukafunga kubwa zaidi, yenye kabureta mbili, ukaongeza gia ya tano na breki za diski mbele. Ukalipaka rangi ya majani machanga ya chai. Siku ya kwanza tuliposhuka hadi Embu mjini, upepo ulininyang'anya kitambaa cha kichwa. "Kiache!" ulipiga kelele. "Nitakununulia kingine! Siwezi kusimama sasa, linaimba!"

Uliahidi kunipeleka kanisani nalo. Siku ya harusi Baba Mdogo ndiye aliyekaa mahali pako, likamzimikia mara tatu langoni, maana klachi yako ni nzito. Nikamwambia ashuke. Nilipandisha gauni magotini nikaliendesha mwenyewe, shela ikipepea nyuma yangu, kiti cha kando kitupu. Shangazi walicheka hadi wakashikana mabega: "Heh! Kwani leo bwana harusi ndiye anachukuliwa?" Murithi alisimama mlangoni mwa kanisa akilia waziwazi. Nilimpenda upya palepale.

Tangu siku hiyo liko kwa Mama, halijawashwa. Panya wameanza kula nyaya. Mama hawezi kuliendesha, na njia ya kuingia huku kwetu Maua ni mawe matupu, litapasuka tumbo. Murithi, kwa wema wake, alisema, "Tulifunike turubai, mpenzi. Siku moja tutalitoa, watoto wetu walione."

Nikamwona akilini yule kuku kwenye kiti cha dereva. Nikajua lazima liende kwa mtu atakayeliendesha.

Fomu niliijaza vizuri: injini, gia, breki, rangi. Mstari wa mwisho ukauliza sababu ya kuuza. Watu wote huandika "mwenye gari amehama", nami nikaandika hivyo hivyo. Mwenye gari amehama. Niliposoma nilichoandika, kalamu iliniponyoka. Murithi alinikuta hapo. Alikaa sakafuni kando yangu hadi taa ikahitaji kuwashwa.

Jana mwalimu mmoja wa Kiritiri alitupigia simu. Hakuuliza kama linang'aa. Aliuliza, "Linapanda mlima? Nataka la kwenda nalo kazini kila siku." Nikamwambia ni lake.

Atalichukua Jumamosi. Baba Mdogo atampa ufunguo, maana mimi sitaweza kusimama nikitazama. Ukilisikia hapo ulipolala likibadilisha gia kwenye kona ya kiwanda cha majani chai, usilisubiri lirudi. Mimi ndiye nitakayekuja, Baba, kabla ya mwezi huu kwisha. Nitatembea kwa miguu kutoka stendi, kwa hiyo hutanisikia nikifika.

Mimi,
Kitindamimba wako