Kidonge cha Pembeni ya Sahani

Kisangani, Mangobo, 3 Februari 2025

Papa mpenzi,
Habari za Banalia? Mimi niko mzima, masomo ya saikolojia tu yananikimbiza. Nimeanza stage, mazoezi ya kazi, hospitalini: tunajifunza kuongea na wagonjwa wanaoacha dawa. Bon, Papa, mdogo wako, tonton Sadrack, ameniambia umeacha dawa zako za tension, za shinikizo la damu! Nimekuandikia hapa chini hatari zote kumi na mbili, kuanzia kiharusi hadi figo. Soma polepole, kisha umeze.
Mwanao, Falonne

Banalia, 16 Februari

Mwanangu,
Salamu zimefika, mimi ni mzima. Hatari zako nimezisoma. Kwenye ya tisa nikaanza kuumwa papo hapo. Mimi ni papa yako, si zoezi lako la shule. Usiniandikie tena habari za dawa.
Papa yako

Kisangani, 2 Mei

Papa,
Jambo sana. Hujambo kweli? Miezi miwili na zaidi sikuandika, nilikuwa nimekasirika. Juzi nilimwonyesha mwalimu wetu, Mama Clémence, nakala ya barua yangu ile ya hatari kumi na mbili. Akavua miwani: "Falonne, kurasa mbili! Na papa haukumuuliza hata kitu moja?" Niliona haya. Nisamehe, Papa. Leo nina swali moja tu: siku ya kwanza uliyoacha dawa, ilikuwaje?
Mwanao, Falonne

Banalia, 11 Mei

Mwanangu mpenzi,
Hilo hakuna aliyeniuliza, hata daktari. Miaka saba mama yako aliniwekea kidonge pembeni ya sahani, kando ya pondu ya majani ya muhogo. Baada ya matanga yake, Oktoba ile, shangazi yako, tanti Nyota, aliniletea chakula. Nikaangalia pembeni ya sahani: hakuna kitu. Nikala bila kidonge. Kesho yake vilevile. Chupa iko palepale alipoiacha, juu ya kabati. Nikiigusa naona kama ninamfukuza. Sikutaka ujue, nawe una huzuni yako.
Papa yako

Kisangani, 19 Mei

Papa wangu,
Nimelia sana. Tunafundishwa tusimweleze mgonjwa mambo yetu, lakini wewe si mgonjwa wangu. Tangu matanga ninakula nimesimama, karibu na mbabula ya makaa, sahani mkononi. Nikikaa naona nafasi ya mama. Kesho saa saba mchana nitajaribu kukaa. Na wewe?
Mwanao, Falonne

Banalia, 27 Mei

Mwanangu,
Huku salama. Vidonge vya zamani vilikuwa vimeharibika. Muuguzi alinipima, akanipa vipya, nikavitia katika chupa ileile ya mama yako. Jana saa saba niliweka kimoja pembeni ya sahani kwa mkono wangu. Nikakiangalia mpaka pondu ikapoa. Kisha nikameza. Leo tena.
Wewe ulikaa?
Papa yako