Eumare Amezikwa, Eumare Yuko Nje ya Ukuta

Siku ya tatu, siku ya Athena, mwezi wa kukanyaga zabibu

Kuna mwanamume nje ya ukuta. Anasema yeye ni Eumare, mume wangu. Mh!

Eumare alikwenda vitani ng'ambo Mirto akiwa tumboni. Sasa binti huyo ananipita kimo. Wenzake walirudi wakaapa kwa miungu yote kuwa walimwona anazama. Tukamjengea kaburi pale njia panda, tupu, hamna hata ukucha ndani, tukalimwagia divai na asali. Nikanyoa nywele zangu. Nimelia, nikamaliza. Halafu leo, mchana kweupe, mtu na ndevu zake!

Mama mkwe macho yake siku hizi ni ukungu mtupu. Alisikia sauti tu, vigelegele! "Mwanangu! Mwanangu karudi!" Ningekohoa mimi kwa sauti nzito ningekuwa mwanawe vilevile.

Lililonitia shaka ni hili: mgeni amegoma kupita mlangoni. Anaomba ngazi aingilie paani, maana aliyekwisha kuzikwa hapiti mlango wa walio hai. Sawa, desturi ndiyo hiyo. Lakini nani kamwambia tulimzika? Nimemuuliza hivyo hivyo, uso kwa uso. Akajibu Athena alimtokea njiani akamweleza. Nyoo! Kaburi liko barabarani, jina limechongwa, hata mbuzi wanalijua.

Nimemnyima ngazi. Nimempelekea mkate wa shayiri, zeituni na jibini kule bandani kwa mbuzi. Mgeni hulindwa na Zeu, sitaki laana mimi. Ila funguo za ghala nalala nazo shingoni.

Siku ya nne, siku ya Herme

Herme — mlinzi wa wasafiri na wa wezi. Siku imempata mwenyewe.

Nimemjaribu. Nikamuuliza aliniambia nini siku ya kuondoka. Akainamisha kichwa, akasema: "Nilikuambia umtunze mama." Ala! Kuna mwanamume gani anayepanda meli ya vita bila kusema hivyo?

Nikamuuliza kuhusu kovu, pete, chochote. Pete ilikwenda na maji, eti. Kila kitu kilikwenda na maji, isipokuwa yeye.

Halafu anashukuru mno. Nikimletea uji, asante. Nikimletea maji, asante, mama Mirto. Kaitengeneza hori ya mbuzi bila kuambiwa. Kamfundisha Mirto kupiga mluzi kwa jani, na binti yangu anacheka mpaka anashika mbavu. Eumare niliyeolewa naye hakuwa mtu wa asante. Kwa hiyo au vita vimembadilisha, au si yeye.

Na mimi sina nafasi ya kukosea. Nikimkubali, nyumba ni yake, kitanda ni chake, na Mirto ataozwa anakotaka yeye. Nikimfukuza naye ndiye, nimemfukuza mume wangu mwenyewe. Sitapata usingizi milele.

Siku ya sita, siku ya Artemi

Asubuhi kisimani nilikutana na jirani yangu Filina. Kajitwika mtungi, kasimama wima kama askari, si kawaida yake. Akaniambia bila hata salamu: mpokee, huyu karudishwa na mkono wa juu. Nikamwambia, Filina, tangu lini unatumwa na walio juu? Akanitazama, akaenda zake na mtungi. Macho makavu!

Mchana nikapita kwake nimpe maneno yake. Namkuta kalala, mguu umevimba kama boga, hajainuka tangu juzi. "Kisimani? Mimi? Nifike kwa mbawa au?" Akacheka mpaka akajiumiza mguu.

Basi nani aliyesema nami? Wote hapa watasema ni Athena, ndiyo tabia yake, kuazima sura za watu. Mama mkwe nilipomsimulia alipiga magoti palepale. Mimi bado. Huenda Filina kahongwa na mgeni, na mguu huo ni wa maigizo. Sasa naanza kuishuku hata miguu ya watu!

Nimemwambia Athena usiku nikimimina divai yake: kama una haja nami, njoo na uso wako mwenyewe. Hakuja.

Siku ya saba, siku ya Apolo

Tumekwenda hekaluni kuuliza, mama mkwe kapanda punda, mimi kwa miguu. Bibi kuhani ni mkongwe, hana mchezo. Alituacha juani hadi moshi wa sadaka ukatulia, ndipo akatoa jibu la Apolo: aliyezikwa hana njia ya kurudi nyumbani ila ile ile aliyoingilia duniani. Azaliwe upya. Mama yake ampakate, amwoshe, amviringishe nguo kama kichanga, kisha alazwe sakafuni mbele ya meko. Akiinuliwa, yu hai na ni wa nyumba ile. Asipoinuliwa, atolewe nje kama watoto wasiotakiwa, na asidai kitu.

"Anayeinua ni mwenye nyumba," mama mkwe akasema.

"Mwenye nyumba ndiye kichanga chenyewe!" nikamjibu.

Bibi kuhani akanitazama shingoni. Akasema: mwenye funguo ndiye atakayeinua. Na haulizwi sababu.



Siku ya nane, siku ya Poseidoni

Naandika kwenye kigae, ghalani, kwa haraka. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Wamemshusha kwa paa. Mama mkwe kampakata, jitu zima, miguu imemwagika hadi mlangoni, huku akimwimbia wimbo wa kubembeleza. Hakuna aliyecheka. Filina kaletwa kabebwa, naye alilia. Wakamwosha, wakamviringisha nguo hadi kidevuni, wakamlaza sakafuni.

Nilikuwa nimekwisha kuamua, nasema kweli. Nilijiambia: kama si Eumare, basi na awe huyu. Huyu anashukuru. Huyu anamchekesha mwanangu. Nikainama nimwinue.

Akafungua macho. Akasema polepole, meno kayabana, mama yake asisikie: "Fanya haraka, punda mwenye shela. Sakafu ina baridi."

Punda mwenye shela! Aliniita hivyo mlango ukiwa umefungwa tu, tangu usiku wa harusi. Hata mama yangu sikumwambia, kwa aibu. Hakuna mwingine duniani anayelijua neno hilo.

Ni yeye. Eumare wangu, mzima mzima, na asante zake zote zilikuwa za kuombea ngazi.

Mikono ilinirudi yenyewe. Nikasema nimesahau mafuta ya kumpaka, nakuja. Nikakimbilia huku.

Kule nje wote wanajua simwamini, nimelisema kwa kila mtu kisimani. Nikimwacha sakafuni watasema ni shaka zake tu, maskini, alishindwa. Hakuna atakayejua kwamba shaka imeniisha. Yeye tu atajua, naye atakuwa nje ya ukuta, hana jina.

Lakini Athena? Alijua alichokuwa akinirudishia?

Mama mkwe anaita, eti mtoto wake anapata baridi pale sakafuni. Mafuta ninayo mkononi. Namsikia Mirto anakuja, anagonga mlango kwa kiganja.

"Mama? Ni baba au si baba?"