Majina ya Okidi Aliyoyataka Mama

Jumapili, mwezi wa sita. Gitting, kijijini kwetu.

Ukungu haujatoka mlimani tangu asubuhi. Baridi ni ya kuvaa sweta mbili. Sijisikii vibaya, sijisikii vizuri pia. Naandika kwa sababu jana kimetokea kitu, na nataka kikae mahali kabla sijaanza kukikumbuka tofauti.

Nianzie Arusha.

Wiki chache zilizopita nilimpeleka mama hospitali kuchukua majibu. Alikuwa na vivimbe shingoni, visivyouma, na alikuwa amepungua mpaka gauni zake za kanisani zinamning'inia. Walishamkata kinyama kidogo wakakipeleka maabara. Siku hiyo daktari alimuuliza kama anasikia Kiswahili vizuri, mama akajibu anasikia. Halafu daktari akamwomba atangulie nje, akabaki na mimi.

Akaniambia ni limfoma, saratani ya tezi. Akasema ina dawa na watu wanapona, ila zianze mapema, na mgonjwa mwenyewe lazima ajue na akubali. Akauliza: amwite mama amweleze yeye, au nitamweleza mimi? Nikasema nitamweleza mimi, nyumbani, kwa lugha yetu.

Mama alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. "Amesemaje?"

Nikasema amesema tutarudi.

Basi letu la kurudi Katesh lilikuwa la kesho yake, kwa hiyo mchana wote tulikuwa hatuna kazi. Mama hakutaka kukaa gesti, alitaka mahali penye miti. Nikampeleka kwenye bustani ya mimea. Kule nyuma kuna kibanda kilichofunikwa wavu mweusi, na ndani yake kuna okidi. Nyingine ziko kwenye vyungu, nyingine zimefungwa kwenye vipande vya magogo, mizizi yake inaning'inia hewani. Vibao vya majina vipo, ila maji yameshafuta maandishi.

Mama ni mkulima. Ua analolitazama ni la maharage na la viazi, na analitazama ili ajue atavuna nini. Siku ile alisimama mbele ya kila okidi.

"Hili linaitwaje?"

"Sijui, mama."

"Na hili?"

Nalo sikulijua. Mwishoni akasema nipige picha zote, nitatafuta majina tukifika nyumbani.

Nikapiga.

Tangu turudi, hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu ya jioni. Mimi nafundisha hesabu shule ya msingi, mimea siijui. Programu ya kwenye simu ilinipa majina tofauti kwa ua lile lile kila nilipoligeuza. Mwenzangu anayefundisha baiolojia sekondari akaniazima kitabu. Nikajiunga pia na kundi la mtandaoni la wapenda okidi, na huko ndiko nilikoambiwa kwamba picha zangu nimezipiga vibaya. Nilipiga uso wa ua tu, kama mtu anayepiga picha ya pasipoti. Wao wanataka ubavu, mgongo, majani, na pale ua linapoungana na shina. Kuna okidi nyeupe zenye mkia mrefu mwembamba nyuma, mrija wenye utamu unaonyonywa na nondo, wale vipepeo wa usiku. Urefu wa mkia huo ndio unaosaidia kujua hii ni ipi na ile ni ipi. Picha yangu inaonyesha nyota nyeupe, basi. Mkia hauonekani.

Nikiri kwamba niliipenda kazi ile. Jibu likipatikana, hakuna anayeumia.

Mtu pekee niliyemwambia habari za daktari ni dada yangu Marta, aliyeolewa Dodoma. Alilia kwenye simu, kisha akasema nisimwambie mama, atakata tamaa. Tuseme tu ni tezi. Nikaona ni ushauri mzuri.

Ulinifaa mimi.

Wakati huohuo tarehe ya kurudi hospitali ilikuwa inakaribia. Sasa ni wiki ijayo.

Kila jioni mama akishamaliza kukamua alikuwa anaketi jikoni na kuuliza nimepata nini. Nampa. La njano lenye madoa ya kahawia ni Ansellia, wengine huliita okidi ya chui. Yale madogo ya kijani, kama yamevaa kofia, ni Polystachya. Jeupe ni Aerangis, ila ni Aerangis ya aina gani, sijui. Mama anayarudia kwa ulimi wake wa Kiiraqw, anakaza herufi pasipotakiwa, mpaka yanakaa. Nilidhani anajifurahisha.

Jana tulibaki wawili. Mke wangu alikuwa amekwenda na watoto mazoezi ya kwaya. Mama alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia wa kwenye kundi wamejibu: ile nyeupe haitambuliki kwa picha hii, inabidi ipigwe upya kwa ubavu. Tukienda tena Arusha nitaipiga, nikasema.

Akaweka kisu chini.

"Safari mwanangu, majina yote yale umenitafutia, hata ya Kizungu, magumu. Na nimeyashika."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nipe lile ulilopewa na daktari nilipotoka nje."

Nilikuwa natazama simu, ingawa sikuwa naona kitu.

"Mimi siyo mtoto," akasema, wala hakuwa mkali. "Nimemzika baba yako. Mtu akitolewa nje ili mwanawe abaki ndani, anajua. Nimekungoja. Nilisema, akimaliza maua atasema. Naona maua hayaishi."

Nikamwambia.

Nilianza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho nilichoambiwa nacho, nikamalizia kwa Kiiraqw. Limfoma. Ni saratani. Ina dawa, wanaipitisha kwenye mshipa, inachosha na nywele zinaweza kutoka. Wiki ijayo ndiyo kuanza, akikubali. Sauti yangu ilikuwa ile ninayotumia mstarini asubuhi nikiwatangazia wanafunzi. Nilijisikia nikiongea nayo na sikuweza kuibadilisha.

Mama aliuliza kama itaanza kuuma. Aliuliza kama inaambukiza wajukuu. Aliuliza nani atavuna maharage. La kwanza nilimwambia sijui, la pili nilimwambia hapana. Kwenye maharage nikakwama, kwa sababu mimi niko shule na mke wangu ana mtoto mchanga.

Halafu akauliza kama Marta anajua.

Nikasema anajua.

Hapo ndipo alipokasirika. "Kwa hiyo Dodoma wanaujua ugonjwa wangu, na mimi ninayelala nao siujui."

Alichukua kisu akaendelea kumenya mpaka sufuria ikajaa. Alipoibandika jikoni akasema, "Nitakwenda. Lakini safari hii daktari ataniambia mimi. Wewe utanisubiri nje."

Nikasema sawa, mama.

Leo asubuhi, baada ya ibada, tulikuwa tumesimama uani kwa kanisa. Mama Neema, jirani yetu wa upande wa chini, akaja kumwamkia.

"Shikamoo, mama. Mbona umepungua hivi?"

Nilifungua mdomo niseme ni tezi. Mama akaniwahi.

"Marahaba. Nina limfoma. Ni saratani. Wiki ijayo nakwenda Arusha kuanza dawa."

Alilisema kwa sauti yake ya kila siku, na akalitamka sawasawa. Waliokuwa karibu wakageuka. Mama Neema hakusema pole haraka kama tunavyofanya. Alimshika mkono, akakaa nao muda, kisha akauliza maharage yamefikia wapi. Mama akasema yamekauka, hayana wa kuyang'oa. Mama Neema akawaita wanawake wa jumuiya waliokuwa wanakusanya viti, wakaongea, na kabla hatujatoka uani ilikuwa imeshapangwa. Watakuja Alhamisi.

Niliwaza yale maharage usiku kucha. Yametatuliwa kwa dakika chache, na mtu aliyeyatatua ni mgonjwa.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Marta. Alinigombeza sana, nikamwacha amalize, halafu nikampa mama simu. Wako jikoni mpaka sasa. Simsikii Marta. Mama namsikia anamwambia alete blanketi zito akija, na aache kulia, simu inaisha chaji.

Kesho kabla ya mstari nitakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kumsindikiza. Ataniuliza mama anaumwa nini.

Nitamtajia.